Kuni za Mtu Aliye Hai

Mama yangu alikuwa na kanuni moja tu kuhusu kifo, na haikuwa na mjadala: msiba hauulizwi, msiba unaendewa. Ukiona duka la mtu limefungwa mchana na mwenyewe amekaa chini nje, viatu kavivua, humsogelei na maswali ya nani kafa, kafa lini, alikuwa anaumwa nini. Unarudi kwako, unajitwisha kuni, unakwenda. Maelezo utayapata huko huko, moto ukishawaka.

Nimekulia ndani ya kanuni hiyo hapa Kasulu, na mara moja tu nimeiona ikituingiza mkenge. Mara hiyo ndiyo nataka kuieleza, maana watu wanaihadithia vibaya. Wanacheka mwanzo wake, wakimaliza kucheka wanaondoka, na mwisho hawausemi.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani kwa duka moja barabara ya sokoni, na mwenye duka ni mtu wa pwani ya kusini kabisa, huko kwenye minazi. Alikuja zamani kufuata biashara ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akauza vitenge na sukari, akaoa binti wa Kibondo, akabaki. Ni mpole, tena mpole wa kukera. Mteja akimtukana yeye anamkaribisha maji ya kunywa. Mimi siko hivyo, na ndiyo maana tumeelewana.

Kila jioni kabla ya kufunga alikuwa anampigia simu mama yake. Aliweka sauti kubwa, kwa sababu bibi alizoea kupaza sauti na simu ikiwekwa sikioni inaumiza. Kwa hiyo mimi huyo bibi nilimjua sauti miaka mingi kabla ya kumjua sura. Nilijua magoti yake yanamsumbua. Nilijua amenuniana na jirani yake kwa ajili ya kuku aliyetagia upande usiokuwa wake. Na nilijua ombi la mwanawe, maana halikubadilika.

"Mama, njoo ukae na mimi."

"Huko milimani kwenye baridi?"

"Nitakununulia sweta."

"Sweta utanizika nalo? Mwanangu, mtu hahamii mahali asipojua nani atamzika. Hapa najua. Huyu atachimba, yule atapika, yule nisiyesema naye atakuja kulia uongo. Huko kwenu nani ananijua?"

"Mimi nakujua."

"Wewe peke yako utabeba jeneza pembe zote?"

Mwenye duka alikuwa anacheka, lakini akishakata simu anapanga vitu ambavyo vimeshapangwa. Siku moja niliudhika nikamwambia, "Kaka, mlete kwa nguvu." Akanitazama kama nimemwambia akaibe. Akasema, "Dada, anachosema ni kweli. Hapa atazikwa na nani?" Kusema kweli nilijiuliza swali lile lile. Sisi Waha ni watu wazuri, sitaki mtu abishe, lakini mtu tusiyemjua hatumjui.

Kisha mwaka ule, mvua za masika zilipokuwa zinatuaga na baridi inaanza kuingia asubuhi, redio ikaanza kutangaza kimbunga. Walisema kiko baharini, kinakuja pwani ya kusini. Sisi hapa juu kimbunga tulikisikia tu. Upepo tunaujua, unang'oa migomba na kupeperusha mabati ya mtu mvivu. Mvua ya mawe tunaijua. Lakini upepo uliopewa jina na kutangazwa kabla haujafika, kama mgeni wa serikali, huo hatukuwa nao.

Mwenye duka alimpigia mama yake asubuhi na jioni. Bibi akasema mbingu iko shwari, bahari imetulia, wenye redio wanatafuta la kusema. Kesho yake akasema kuna upepo kidogo. Kesho yake tena simu haikuita kabisa. Alijaribu tangu alfajiri. Nilipofika na kikapu changu cha vitambaa nikamkuta barazani, amekaa chini kabisa, kandambili ameziweka kando, redio pembeni, simu mkononi. Milango ya duka imefungwa.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Mtandao hakuna kule. Minara imeanguka. Nasubiri."

Basi na mimi nikakaa kwenye cherehani yangu, sina raha ya kushona. Redio ikasema nyumba zimeezuliwa, mawimbi yamepanda hadi vijijini. Yeye akawa anabonyeza simu, anasikiliza, anabonyeza tena. Hakulia. Ningependa angelia, maana mtu anayelia unajua umfanye nini.

Sasa, mama yangu alikuwa anapita kutoka sokoni. Akaona milango imefungwa. Akaona mtu kakaa chini, viatu kando. Akasikia redio inasema mawimbi. Hakusimama hata kunisalimia. Nilimwona akigeuka, akashika njia ya nyumbani, nami nikajua moja kwa moja anakwenda kufanya nini.

Alirudi na mzigo wa kuni kichwani. Zilikuwa kuni zake nzuri, za miombo, alizokuwa ametunza chini ya paa akisubiri mvua za mwaka mwingine. Akazitua uwanjani mbele ya baraza, akatandika mkeka karibu na mwenye duka, akakaa, akasema, "Pole, mwanangu." Mwenye duka akasema, "Ahsante, mama. Nimeshapoa."

Nikamvuta pembeni. "Mama! Mbona unaleta kuni? Huyo bibi hajafa!"

"Nani kakuambia hajafa?"

"Hakuna aliyesema amekufa."

"Na hakuna aliyesema yu hai. Bahari imepanda, nyumba yake iko kando ya bahari. Kwetu mtu akichukuliwa na Malagarasi, unangoja mto ulete taarifa?"

"Muulize basi mwenyewe!"

Mama akanitazama kwa jicho ambalo hata leo nikilikumbuka nakaa vizuri. "Nimuulize mtu aliyekaa chini? Ulilelewa na nani wewe?"

Nikashindwa. Na wengine walikuwa wameshamwona mama yangu na kuni kichwani, na mama yangu hakuwa mtu wa kubeba kuni bure. Muda si muda mtaa ukaanza kuja. Walikuja wa kanisani kwa mama yangu, wakaja wa msikitini kwa mwenye duka, wakaja wauza maharage na wale wanaoshusha mihogo kutoka Titye na Makere. Kila nyumba na kuni zake. Wengine waliongeza ndoo ya maji, wengine unga, wengine ndizi. Hakuna aliyeuliza. Wanasema pole, wanatua, wanakaa.

Naye mwenye duka, kwa ule upole wake wa pwani, hakuweza kumwambia mtu aliyekuja kwake na mzigo kichwani, "Samahani, umekosea." Baadaye alinieleza kwamba alidhani ni mila yetu, mtu akiwa na wasiwasi tunamletea kuni. Alikuwa ameishi nasi miaka yote hiyo, ameoa kwetu, na bado alituamini kiasi hicho! Mke wake aliyeweza kumfumbua macho alikuwa amekwenda kwao Kibondo kumwona dada yake aliyejifungua. Basi ikawa sisi hatuulizi kwa adabu, na yeye hasemi kwa adabu, na rundo la kuni linapanda ukutani.

Wazee walikaa mpaka giza, wengine wakalala pale pale. Asubuhi watu wakaongezeka. Wanawake wa kanisani wakaanza kuimba taratibu, na ukiimba namna ile machozi hayako mbali. Mmoja akaanza kulia, wa pili akapokea. "Yoo, mama wa watu! Yoo, kafia majini!" Kilio kikashika uwanja wote. Mwenye duka akainua uso, na hapo ndipo nilipoona ameelewa. Sisi tulikuwa tumemzika mama yake, na yeye alikuwa bado anamtafuta kwenye simu.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikainuka, nikasema liwalo na liwe, nitawaambia watu mimi. Simu ikaita.

Namba haikuwa ya mama yake. Akaipokea na vidole vikambonyezea sauti kubwa kwa mazoea. Na ile sauti ninayoijua ikatoka, inapayuka kama siku zote: "Mwanangu! Ni mimi! Nimepanda hadi barabara kuu kutafuta mtandao, hii simu ya watu! Mwanangu! Mbona nasikia kilio? Nani kafa huko?"

Kilio kikakatika. Mwenye duka analia, anacheka, anatikisa kichwa tu. Mama yangu akajikokota kwenye mkeka, akaichukua simu mkononi mwake.

"Wewe," akasema.

"Wewe nani?"

"Wewe ndiye umekufa. Tunakulilia wewe."

Kule upande wa pili kukawa kimya, unasikia upepo tu na magari. Nikadhani tumemuua kweli.

"Mnanililia mimi?" bibi akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, sikuwahi kuisikia imeshuka. "Nyie ni kina nani?"

"Majirani."

"Mnanijua?"

"Hatukujui," mama yangu akasema. "Lakini kuni tumeleta."

Ndipo tukamsikia bibi analia. Na mimi nikalia, mimi ambaye silii hovyo. Wanawake wakapiga vigelegele, na yule aliyekuwa analia kwa nguvu kuliko wote ndiye aliyeanzisha. Unga ukasongwa, ndizi zikapikwa, maana vyakula vilikuwepo na watu walikuwepo. Tulikula msiba wa mtu aliye hai, na tulikula vizuri.

Tatizo likawa kuni. Siku ile tulipikia za jirani mmoja tu, za juu juu, rundo lenyewe likabaki. Kuni za msiba hazirudi nyumbani. Ukizirudisha umekaribisha kifo kwako, hilo hata mtoto anajua. Kupikia chakula cha kila siku nako nani athubutu? Mwenye duka alipojaribu kuzigawa, watu walicheka wakapita mbali. Basi akazisogeza chini ya paa la nyuma ya duka, zikakaa.

Bibi alikuja baridi ilipokolea. Alishuka kwenye basi na baibui, kanga mbili juu yake, na taulo shingoni, anatetemeka na kumlaumu dereva kwa baridi kana kwamba ndiye aliyeileta. Alikuwa mfupi. Sijui kwa nini nilitegemea mrefu, labda kwa ile sauti. Mama yangu alikuwepo kumpokea. Wakatazamana.

"Wewe ndiye uliyeniua?" bibi akauliza.

"Ndiye mimi. Mwakeye, Marehemu," mama akamsalimia kwa Kiha.

Kuanzia siku hiyo hakuwahi kumwita jina lingine. Marehemu, umekula? Marehemu, mbona leo umechelewa kuamka? Watu wapya mtaani walikuwa wanashtuka.

Jambo la kwanza bibi aliomba ni kuonyeshwa kuni. Tulimpeleka nyuma ya duka. Alizipapasa moja moja, akauliza hii ya nani, hii nayo ya nani, na mama yangu akamjibu, huyu muuza maharage, huyu mwimbaji, huyu hata mimi simjui, alikuwa anapita na baiskeli kutoka Rungwe Mpya akaona watu, akaacha alichokuwa amebeba. Bibi akasema, "Asiyejulikana?" Mama akasema ndiyo. Bibi akakaa palepale juu ya kuni zake, akaomba chai ya moto, na akatueleza kimbunga.

Tulikuwa wengi. Wazee wengine Kiswahili hakiwakai vizuri, kwa hiyo mama yangu akawa anageuza kwa Kiha, na mahali fulani alikuwa anasahau kugeuza, anabaki amemkodolea macho.

Bibi alisema upepo ule haukuvuma, ulisukuma. Alikuwa amekataa kuhama nyumbani, mpaka jirani yake, yule wa ugomvi wa kuku, akaingia bila hodi, akamshika mkono, akamwambia, "Nuna ukiwa njiani." Wakakimbilia shuleni, penye mwinuko, majengo ya matofali. Njiani waliona minazi inainama mpaka makuti yanafagia mchanga, halafu inainuka, halafu inainama, na kuna iliyoinama isiinuke. Waliona bati linaruka, bati zima, linakata shina la mpapai, linaendelea na safari.

"Darasani tulikuwa tumebanana," akasema. "Mara ndege wakaanza kuingia. Ndege wa baharini, wakubwa, weupe. Hawa ukiwasogelea ufukweni wanaruka. Wakaingia kwa madirisha wakatua kwenye madawati, mapajani mwa watu, mmoja karibu na mguu wangu. Hawakutuogopa. Walikuwa wanatetemeka, na sisi tunatetemeka. Hakuna aliyewafukuza. Hata watoto hawakuwagusa."

Mzee mmoja akasema, "Mawe!" Kwa Kiha ni kama kumwita mama yako.

Halafu, bibi akasema, upepo ukakoma. Ukakoma ghafla, jua likatoka, ukasikia maji yanachuruzika na mtu anakohoa. Vijana wakatoka mbio kuokota mabati yao. Jirani wa kuku akasimama mlangoni, akanusa hewa, akawapigia kelele warudi. Jirani huyo alikuwa ameambiwa na bibi yake utotoni: ukikoma hivyo, haujaenda. Nao wakarudi wakinung'unika. Haukupita muda upepo ukaja kutoka upande wa bara, upande uliokuwa salama, kwa nguvu kuliko mwanzo, na ile miti iliyokuwa imevumilia kuegemea huku, ikashindwa kuegemea kule.

"Bahari ikapanda kilima. Nasema niliyoyaona. Ikaja mpaka kwenye kizingiti cha darasa, ikasimama. Ina povu, ina makuti, ina sufuria za watu. Sote tukaacha kusoma dua, tukawa tunaitazama tu. Nimezaliwa kando ya maji yale, nimeyafulia, nimeyapikia, siku hiyo nilijua sikuwa nayajua. Ilisimama pale kizingitini kama inafikiri. Kisha ikarudi."

Mama yangu hapo hakugeuza neno. Ikabidi nigeuze mimi.

Asubuhi yake, bibi akasema, kijiji kilikuwa cha kahawia. Kila jani lililobaki mtini lilikuwa limekauka kama moto umepita, na moto haukuwepo. Alichuma jani la mwembe akaligusa kwa ulimi. Chumvi. Upepo ulikuwa umebeba bahari ukaipaka kwenye majani yote ya nchi ile, jani kwa jani. Kisima chao, chumvi. Nyumba yake hakuitafuta, aliona mahali ilipokuwa, ikamtosha. Alikwenda makaburini kumwangalia mumewe.

"Hapakuwa na makaburi. Palikuwa na mchanga, umelala vizuri, safi, haujakanyagwa. Miaka yote namkatalia mwanangu, namwambia siwezi kumwacha baba yako peke yake. Baba yake kaondoka kabla yangu, hata hakuniaga." Akacheka kidogo, akajifuta kwa taulo. "Na wale niliokuwa nawahesabia, huyu atachimba, huyu atapika, wametawanyika kwa watoto wao. Hata yule wa kuku yuko kwa binti yake Dar es Salaam. Ananipigia kila Ijumaa tugombane."

Mzee aliyesema Mawe akauliza kama bahari ni kubwa kuliko ziwa Tanganyika. Bibi akamuuliza, ng'ambo ya ziwa lenu kuna nini? Akasema kuna Kongo, hata moto wao usiku unauona. Bibi akasema, "Ng'ambo ya bahari yangu sijui kuna nini. Mume wangu alivua maisha yake yote, naye hakujua."

Nilikuwa nawatazama, watu wa maharage na mihogo, na niliona wameogopa, lakini ile hofu ya kanisani, inayomfanya mtu avue kofia. Na bibi alikuwa anawatazama wao hivyo hivyo.

Basi akabaki. Mvua za kwanza zilipokuja zilileta mvua ya mawe, na mabati yalipoanza kupigwa bibi akajitupa chini ya meza ya duka akipiga shahada. Hakuwahi kuona barafu ikianguka kutoka juu. Mama yangu akatoka nje na bakuli, amejifunika sufuria kichwani, akaokota, akamletea chini ya meza. Bibi akashika punje moja mpaka ikayeyuka kiganjani. "Subhanallah! Na nyie mnakaa tu na vitu hivi, hamsemi?" Mama akamjibu, "Tungesema nini? Inanyesha, inaisha."

Walikuwa hivyo. Jioni wanakaa nyuma ya duka, mmoja ana tasbihi, mwingine anapepeta maharage, wanabishana. Mwenye duka alijaribu tena kuziondoa kuni apate nafasi ya magunia. Bibi akakataa katakata. "Hizi ni mali yangu. Kuna mtu aliwahi kuona kuni za msiba wake mwenyewe? Ziache." Mama yangu alikuwa anazigonga kwa fimbo, zinalia kavu, anasema, "Zimeiva hizi, Marehemu. Unatuchelewesha." Bibi anamwambia atangulie yeye kama ana haraka.

Akatangulia. Siwezi kuipamba habari hii. Masika ya mwaka uliofuata, yale yaliyokuwa makali, kifua kilimbana mama yangu siku chache, tukampeleka hospitali, tukarudi naye anaonekana nafuu. Asubuhi moja alikunywa uji, akaniambia nipunguze ukali kwa wateja, akalala upande, na nilipoingia kuchukua kikombe alikuwa ameondoka.

Nilifunga mlango wa nyumba. Nikakaa chini nje, nikavua viatu. Sikumwambia mtu yeyote neno lolote. Kanuni ni yake, nikaona acha tuone kama inafanya kazi.

Wakaja. Mvua inanyesha, na wakaja. Kila nyumba na kuni zake, na kuni zote zilikuwa zimelowa, maana mvua haikuwa imekata tangu wiki iliyotangulia. Wanaume walizirundika chini ya turubai, wakamwaga mafuta ya taa, wakapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Zilitoa moshi tu. Watu wamejaa, watoto wanaona baridi, maji hayajawekwa hata jikoni. Moto wa msiba wa mama yangu ulikuwa unakataa kuwaka, yeye aliyewawashia wengine miaka yote. Nilikasirika nikatamani kupigana na mtu.

Ndipo nikamwona bibi. Anapanda njia yetu ya kilimani, kwenye matope mekundu, magoti yale yale. Kichwani ana mzigo wa kuni, umefunikwa nailoni. Kupanda mlima na kuni kichwani hakuwa amezoea: ameviringisha kanga vibaya, mzigo umelala upande, ameushika kwa mikono yote miwili, anayumba. Nyuma vijana wa sokoni wamebeba zilizobaki, na mwanawe mwenye mzigo wake anamwambia kitu, na bibi anamkemea asimsaidie. Watu walioko uani wakasimama. Walizitambua. Kila mmoja alitambua gogo lake.

Mzee wa Mawe akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Bibi, hizi ni zako."

"Ndiyo," akasema. "Pisha."

Akazitua kwenye mafiga. Akapiga magoti kwa shida, akapanga mwenyewe, nyembamba chini, nene juu, akawasha kiberiti, na zikashika mara moja. Zilikuwa zimengoja mwaka mzima chini ya paa. Moto ulipanda watu wakarudi nyuma. Sufuria ya kwanza ikatengwa, na wanawake wa kanisani wakaanza kuimba.

Bibi akaja kukaa kwenye mkeka kando yangu. Ananuka moshi na mvua. Hakuniambia pole. Alinishika mkono, akaushikilia mapajani mwake, tukatazama moto pamoja. Nikaona rundo linapungua, gogo baada ya gogo, za muuza maharage, za mwimbaji, za yule wa baiskeli asiyejulikana. Nikaona na zile za mama yangu mwenyewe, zinaingia. Nikashindwa kujizuia.

"Bibi, umezimaliza zote. Siku yako itakuwaje?"

Akanigeukia kama nimeuliza jambo la kijinga.

"Wewe si upo?"

Nikamwambia nipo. Kisha nikanyanyuka, nikaenda kuongeza maji kwenye sufuria, maana watu walikuwa bado wanakuja.